Kabla ya kuchochea hicho kipande cha hipokampasi, weka njia ya pili

Usiguse kitufe cha mapigo 100 kwa sekunde. Umeandika kwamba una elektrodi (waya mwembamba wa kupitisha umeme) moja tu ya kuchochea, kwamba mwitikio wa umeme wa kipande chako cha hipokampasi ya panya, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, umekuwa ukipanda kidogo kidogo kwa dakika 20, na kwamba kesho utatoa mfululizo huo wa mapigo uone kama sinapsi, yaani viungo vya mawasiliano kati ya seli za neva, zimeimarika. Halafu ukauliza ni programu gani ya bure itakayofaa kuchambulia data. Mwitikio unaopanda kabla hujaufanya lolote utaendelea kupanda hata baada ya mfululizo, nawe utaliita ongezeko hilo uimarikaji.

Bwana aliyenikabidhi mtambo maabarani alishikilia kwamba elektrodi ya pili, ya kuchochea njia ya ulinganisho (kundi jingine la nyuzi lisilopewa mfululizo), ni mbwembwe za wahakiki wa majarida. Nilikusanya michoro ya kupendeza mno, mpaka jirani yangu alipopandisha joto la maji ya chumvi yanayopita juu ya kipande na mwitikio ukakua vilevile, bila mfululizo wowote. Sura nzima ya tasnifu ilikwenda na maji hayo, nikabaki kujisifu kwamba ninamiliki kipimajoto ghali kuliko vyote mjini. Bwana yule alikwisha kuhamia maabara nyingine, na bila shaka anaendelea kufundisha.

Uimarikaji wa kweli huzihusu sinapsi zilizochochewa tu: glutamati, kemikali ya kupeleka ujumbe, inapofika wakati seli pokezi tayari imeamka, magnesiamu huachia tundu la kipokezi cha glutamati kiitwacho NMDA, kalisi huingia, na vipokezi vya aina nyingine, AMPA, huongezwa kwenye utando wa seli. Joto na oksijeni havichagui sinapsi. Kwa hiyo weka elektrodi mbili za kuchochea, moja kila upande wa ile ya kurekodi, katika tabaka la CA1 zinamopita nyuzi zitokazo CA3 (CA1 na CA3 ni maeneo mawili ya hipokampasi). Piga njia ya kwanza, na baada ya milisekunde 50 piga ya pili. Mwitikio wa pili ukivimba kuliko kawaida yake, njia hizo zinatumia nyuzi zilezile, basi sogeza elektrodi. Kisha chochea njia moja tu kwa mfululizo. Bliss na Lømo, watafiti walioueleza uimarikaji huu mwanzoni, katika makala yao ya 1973 kuhusu sungura, walikuwa na njia ya ulinganisho. Sioni kwa nini sisi tujione tumewazidi.

Pima mteremko wa mwanzo wa wimbi la mwitikio unaorekodiwa, si kilele chake, kwa kuwa kilele huchafuliwa na seli zinazofyatuka kwa pamoja. Njia ya pili nayo ikipanda, tupa rekodi hiyo, hata kama msimamizi wako anaidai kwa mkutano wa Ijumaa.