Fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, je, niache kuzigusa?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, nakaa Makorora, Tanga. Ni miezi kadhaa sasa fizi zangu za chini mbele na za upande wa kulia zinatoka damu kila nikipiga mswaki, ila haziumi. Nimeacha kupitisha mswaki huko, nasukutua maji ya chumvi tu. Jirani ananiambia ni upungufu wa vitamini C, nile machungwa. Mama yangu naye, ambaye ana kisukari, meno yake ya mbele yanacheza na yameanza kuachana. Hataki kwenda kusafishwa, anasema ugaga ukibanduliwa meno yote yatalegea. Tufanyeje?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Kabla hujalala leo, rudisha mswaki upande huo uliouacha. Damu haitoki kwa sababu mswaki umekuchubua. Inatoka kwa sababu ufizi ulishavimba, na kilichouvimbisha ni utando wa vijidudu unaojijenga kwenye jino, pale linapokutana na ufizi. Ukipaacha, utando unazidi, uvimbe unazidi, na damu nayo inazidi.

Hili lilionekana wazi mwaka 1965 huko Denmark. Harald Löe na wenzake waliwataka watu 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Wote fizi zao zilivimba, kati ya siku ya 10 na ya 21. Walipoanza kusafisha tena, zilipona ndani ya wiki moja hivi, kwa usafi tu. Kwa hiyo siku chache za mwanzo utaona damu, pengine hata kuliko ulivyozoea. Usiogope, endelea taratibu kwa mswaki laini. Ikiwa ugonjwa bado uko juu juu, wiki mbili hazitaisha kabla hujaona tofauti.

Machungwa ya Muheza kula, mwilini yana faida yake. Lakini ukosefu wa vitamini C unaotoa damu kwenye fizi humpata mtu aliyekaa miezi bila matunda wala mboga, naye huwa na dalili nyingine: uchovu, madoa ya damu chini ya ngozi, vidonda visivyopona. Anayetoka damu sehemu mbili tu za kinywa, na nyingine ziko salama, tunamtafutia sababu hapohapo inapotoka. Kwako wewe, nyuma ya meno ya chini mbele ndipo mate yanapomwagikia kutoka chini ya ulimi, na madini ya mate hugeuza utando kuwa ugaga. Ugaga hung'ang'ania jino kama chaza kwenye mwamba, mswaki hauutoi tena. Huo unahitaji vifaa vya daktari.

Chukua kioo, simama mlangoni penye mwanga wa jua, shusha mdomo wa chini. Usitafute wekundu peke yake. Picha nyingi za vitabuni zinaonyesha fizi za waridi, na wengi wetu tuna fizi zenye weusi wa asili ambao si ugonjwa na unaweza kuuficha wekundu. Tazama umbo. Ufizi mzima una ncha kali inayojaza nafasi kati ya jino na jino, na umelikumbatia jino vizuri. Uliovimba huwa mnene, unang'aa, ncha yake imekuwa butu, na ukiubonyeza kidogo kwa kidole safi unaachia damu au hata usaha. Harufu mbaya ya mdomo isiyoondoka, meno yanayoonekana marefu kuliko zamani na mianya mipya ni dalili kwamba ugonjwa umeshashuka chini, kwenye mfupa unaoshika jino.

Hapo ndipo ninapohofia watu, kwa sababu hatua hiyo nayo mara nyingi haiumi. Tunaingiza kipimo chembamba kati ya jino na ufizi. Penye afya kinazama milimita 1 hadi 3. Kikizama 4 au zaidi na damu ikatoka, tunashuku kuna mfuko ambao mswaki haufiki. Mfupa ulioliwa haurudi wenyewe. Tunachoweza ni kuuzuia usiendelee kuliwa, na hilo linawezekana kabisa mtu akiwahi. Wavutaji wa sigara wana hatari ya ziada: moshi hubana mishipa midogo ya damu, fizi hazitoi damu sana, mtu anajiona mzima huku mfupa unaisha.

Sasa mama. Hofu yake ina chanzo. Meno yaliyopoteza mfupa wakati mwingine hushikanishwa na ugaga wenyewe, ukiondolewa anahisi yanacheza zaidi, na maji baridi yanampiga ganzi. Lakini ugaga haukuwa ukiyaponya. Umejaa vijidudu, na ukibaki meno yatatoka yenyewe moja baada ya jingine. Baada ya kusafishwa uvimbe hushuka, ufizi hukaza, na baadhi ya meno hutulia. Yapo yatakayohitaji kung'olewa, na daktari atamwambia ni yapi. Kisukari kinaharakisha mambo haya: sukari ikikaa juu, fizi huharibika upesi na hupona polepole. Na fizi zenye uvimbe nazo huifanya sukari iwe ngumu kushuka. Kama anakula tambuu, mwombe aache. Popoo iliyomo ndani yake imo katika orodha ya vitu ambavyo Shirika la Afya Duniani, kupitia kituo chake cha utafiti wa saratani, limethibitisha vinasababisha saratani, na tumbaku ikiongezwa ndiyo hatari zaidi.

Kupiga mswaki: elekeza nywele za mswaki kwenye mpaka wa jino na ufizi, ziinamie ufizi kidogo, zungusha kwa mwendo mfupi mwepesi, dakika 2, asubuhi na kabla ya kulala. Nyuma ya meno ya chini mbele simamisha mswaki wima. Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi. Mswaki wa mti ni mzuri ukitafunwa ukawa laini, ila wengi husugua meno ya mbele tu na kusahau magego na upande wa ndani. Mwezi wa Ramadhani usilale baada ya daku bila kusafisha. Katikati ya meno pitisha uzi wa meno au viburashi vidogo vya kazi hiyo. Kijiti kitoe mwiba wa samaki tu, usichokoe nacho ufizi. Mkaa achana nao, unakwaruza jino.

Maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, yanatuliza, lakini hayatoi utando. Usinunue amoksilini au metronidazo dukani bila kupimwa. Zitapunguza uvimbe kwa siku chache na ugaga utabaki ulipo.

Nendeni wote wawili kitengo cha kinywa na meno, hospitali ya Bombo au kituo kingine chenye daktari wa meno. Uso ukivimba, homa ikapanda au kumeza kukawa kwa shida, nendeni siku hiyohiyo. Kwa ziara ya kawaida, mama aende asubuhi akiwa amekula na amemeza dawa zake kama kawaida, na abebe daftari lake la kliniki ya kisukari pamoja na majina ya dawa zote anazotumia. Kama miongoni mwake kuna nifedipini ya presha, amwambie daktari mapema, maana dawa hiyo yenyewe huweza kunenepesha fizi.