Usitie wino wa kuchorea kwa hiyo kalamu yako ya Prera!!

Weka hiyo chupa chini kwanza, funga kifuniko, ndio tuongee.

Nimesoma swali lako lote. Dadako amekutumia Pilot Prera, kalamu ya kujaza wino (fountain pen), kutoka Japani, unauliza kama nibu, ile ncha ya chuma, ya saizi F (fine) itakuwa nyembamba sana, karatasi gani haivuji, na vile ofisini wanakucheka ati ni kalamu ya babu. Sawa. Lakini pale katikati umepitisha kasentensi haraka haraka kwamba mwenye stesheneri amekuuzia wino mweusi wa kuchorea, ule wanaita wino wa India, kwa sababu haufutiki na maji, na leo jioni unajaza. Hapo ndio niliacha chai ikapoa, maana mimi niliuziwa maneno hayo hayo, kaunta nyingine lakini tabasamu ni ile ile.

Yangu ilikuwa Prera pia, ile ya plastiki angavu unaona wino ukicheza ndani. Ndogo, ikifungwa ni kama sentimita 12, inaingia mfuko wa shati bila kuchungulia. Nikaingia duka moja hapa tauni, sitasema gani, nikamwonyesha jamaa kalamu yenyewe, akaipima kwa mkono kama mtu anayenunua mbuzi, akasema "huu ndio wino mainjinia wanatumia." Mainjinia! Ukitajiwa mainjinia Nairobi hii unaweza kununua hata simiti ya kuandikia.

Mwanzoni iliandika poa, siwezi kudanganya. Nyeusi tititi, nikawa namwagia karatasi maji nikionyesha watu, haitoki. Ijumaa nikaiweka kwa droo, Jumatatu haiandiki. Nikatikisa, nikalamba nibu (usiniulize), wapi. Buda, wino ule una shelaki, hiyo ni kama gundi, ndiyo inafanya usifutike, na ukishakauka maji hayauyeyushi tena. Ulitengenezewa kalamu ya kuchovya, ile unachovya, unachora, unapangusa nibu na kitambaa basi. Kwa kalamu yako wino unapita kwa ule ulimi mweusi ulio chini ya nibu, una mifereji myembamba, wino ukishuka hewa inapanda kuchukua nafasi yake, sasa ziba hiyo mifereji na gundi uone. Na nibu za Japani ndio hatari zaidi kwa hili, F ya Mjapani inakaribia EF (saizi nyembamba kupita F) ya Mzungu kwa wembamba, kwa hivyo njia yenyewe ni finyu tangu kiwandani. (Hapo nimekujibu la nibu. Ndio ni nyembamba, utazoea.)

Ungedhani niliishia hapo. Zii. Nikaloweka maji ya vuguvugu, nikaweka sabuni, halafu mjuaji mmoja mtandaoni, si hapa, akaniambia tumbukiza kwa methileti spiriti, inayeyusha shelaki. Na walahi ni kweli inayeyusha shelaki! Alisahau tu kuniambia inakula na plastiki. Asubuhi nikapata mwili wa kalamu umejaa nyufa ndogo ndogo kutoka kwa hesi mpaka mkiani. Nikaipeleka kwa jamaa wa miwani pale Ngara, wana kale kamashine ka kuosha miwani kwa mtetemo, akaniwekea bure kwa huruma, kakatoa vipande vyeusi vyeusi lakini ulimi ukabaki umeziba. Siku hizi inakaa kwa mkebe hapa mezani, mtu akiomba biro namnyoshea hiyo, hanisumbui tena.

Yule muuzaji nilimrudia, unajua alisema nini? "Labda kalamu ni feki." Feki! Pilot wako kwa hii kazi tangu 1918, yeye hata lebo ya chupa anayouza hajawahi kuisoma, kwa sababu nyuma, kwa herufi za kutafutwa na tochi, ilikuwa imeandikwa usitumie kwa fountain pen. Najua, mimi pia nina macho, usianze.

Kwa hivyo shika hii moja tu hata ukisahau mengine yote: chupa ambayo haijaandikwa wazi kwamba ni ya fountain pen haigusi kalamu yako. Muuzaji akisema haihesabiki, chupa ndiyo iseme. Ukitaka wino usiofutika Wajapani wenyewe wanao, kuna Platinum Carbon Black na Sailor Kiwaguro, chembe zake zimesagwa ndogo sana ili zipite, na hata hizo usiache zikaukie ndani. Kwa kazi ya kila siku Quink, wino wa kawaida wa Parker, inatosha, ukichoka nayo unaisuuza na maji inaisha.

Na usikimbilie konveta yoyote unayoona, yaani kale kapampu ka kunyonya wino kutoka kwa chupa. Konveta ya Pilot ya Con-70 haiingii kwa Prera, ni ndefu. Con-40 inaingia lakini inabeba kama 0.4 ml peke yake, na katriji ya Pilot, kale kachupa ka plastiki kanakuja na wino ndani, ni 0.9. Ya Sailor au Platinum usijaribu kuisukuma, kila kampuni ina mdomo wake. Kwa hii ninayo sasa (ndio, nilinunua ingine, mke wangu asisome hapa) nachukua katriji ya Pilot iliyoisha, naiosha, naijaza na sirinji ya kemisti. Yule dada wa kemisti nilimwambia ni ya kalamu, mpaka leo hajaamini.

Hiyo chupa yako kama haijafunguliwa irudishe, risiti si unayo? Akikataa kukurudishia pesa mpatie kijana yeyote anayechora. Na kama ulishajaza kabla ya kuona hii, wacha kusoma, enda kwa sinki SAA HII, wino ukiwa bado maji unatoka. Vuta nibu na ule ulimi pamoja, vinatoka kwa mkono, suuza na maji ya vuguvugu mpaka yawe safi, halafu rudia tena. Na spiriti wachana nayo kabisa.