Barua kwa mwanangu: chini ya mkorosho

Mwanangu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Unasema huko Mtwara mjini unafungulia mahubiri kwenye simu ukipika, ukiwa kwenye bajaji, hata ukilala yanaendelea, lakini jioni ukijiuliza Mungu kakufundisha nini, huna jibu. Unataka nikwambie uongeze nini.

Mimi naona upunguze.

Sikulaumu, ugonjwa huo naujua. Miaka mingi nilikaa Misani napiga hesabu za korosho: kilo ngapi zimefika chama cha msingi, mnada ujao bei itasemaje. Injili ikisomwa nasimama, nikikaa siikumbuki hata ilihusu nini. (Baba yako alikuwa anasinzia. Angalau yeye alipumzika.)

Unakumbuka tulivyokuwa tunafyeka na kufagia chini ya mikorosho kabla ya msimu, wewe na kaka yako mnanung'unika? Kufagia hakuangushi korosho hata moja. Inaanguka yenyewe na bibo lake, kwa wakati wake. Ila penye majani unaikanyaga na kupita, na ukija kuiona mvua imeshaiharibu. Juzi nimemaliza kufagia peke yangu, nikakuwaza.

Watawa wa hapa Ndanda walianza mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuchomwa wakati wa Maji Maji. Kengele yao ndiyo iliyokuwa ikikuamsha. Kanuni yao, ya Mtakatifu Benedikto, neno lake la kwanza ni "Sikiliza". Si "sali", wala si "fanya kazi", ingawa yote mawili wanayafanya kutwa. Padre alipotuambia hilo jumuiyani niliona aibu. Mimi nilikuwa kama mtu anayepiga simu, anasema shida zake, anakata.

Siku hizi jioni nasoma Injili ya kesho yake. Nachukua mstari mmoja, ule unaonichoma. Alfajiri, kabla sijawasha moto, nakaa nao robo saa, simu nimeiacha chumbani. Siku nyingi sisikii lolote. Mwezi wa sita ulikuwa ule wa kuiacha sadaka mbele ya madhabahu, ukapatane kwanza na ndugu yako. Ukanifuata mpaka shambani. Saa nne nikatua jembe, nikaenda kwa jirani tuliyenuniana tangu mwaka jana kwa ajili ya mpaka. Hatukusema mengi. Alinipa kiti.

Wewe shamba huna, basi anza na bajaji. Kutoka nyumbani mpaka kazini simu ikae kwenye mkoba, na mstari wako mmoja. Ukikuchosha, usiubadilishe haraka.

Alhamisi nakutumia korosho kwa basi, nimezibangua mwenyewe. Nijibu, ila ujumbe usiwe mrefu kama ule.

Mama yako