Uzamili wa fizikia tiba: nani atakayekufundisha kazi ya hospitalini?

SWALI: Nina shahada ya kwanza ya fizikia, na nimekubaliwa kusoma uzamili wa fizikia tiba katika vyuo viwili. Kozi ya kwanza ni ya mwaka mmoja, yote darasani na maabara. Ya pili ni ya miaka miwili, na mwaka wake wa mwisho hufanyika hospitalini. Walimu wangu wananihimiza nichukue ile fupi, kisha niunganishe na uzamivu. Nia yangu ni kuhudumia wagonjwa wa saratani. Nifuate ipi?
Mhitimu wa fizikia

JIBU: Ndugu mhitimu, kwa nia hiyo chukua ile ya miaka miwili. Walimu wako wanakutakia mema, lakini njia wanayokuonyesha ndiyo waliyoipita wao, nayo huishia chuoni. Uzamivu utakufaa sana ukitaka kutafiti au kufundisha, ila hauchukui nafasi ya mafunzo ya vitendo chini ya mwanafizikia tiba mzoefu. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki linapendekeza kwamba baada ya masomo ya uzamili, mtu apate mafunzo ya hospitalini yasiyopungua miaka miwili kabla ya kuachiwa kazi peke yake. Kwa hiyo hata ile kozi ndefu huenda isikumalizie safari.

Sababu utaiona ukifika chumba cha tiba ya mionzi asubuhi, kabla mgonjwa wa kwanza hajaitwa. Mwanafizikia hupima mionzi itokayo kwenye mashine kwa kutumia kifaa chenye kitundu kidogo cha hewa, ambamo mionzi huzalisha chaji ya umeme inayosomwa kwenye mita. Kwa kuwa hewa hiyo imeungana na ya chumbani, joto likipanda hutanuka, hivyo inayobaki kitunduni hupungua na usomaji hushuka. Nyuzi 3 tu za Selsiasi zinatosha kuupotosha kwa takriban asilimia 1. Asiyesahihisha joto na mgandamizo wa hewa atadhani mashine imedhoofika, ataiongezea nguvu, na tangu saa hiyo kila mgonjwa atapokea mionzi kupita kiasi alichoandikiwa. Kanuni yenyewe unaijua tangu sekondari. Kinachofundishwa hospitalini ni mazoea ya kutazama kipimajoto kila siku bila kukumbushwa, na ujasiri wa kusimamisha matibabu pale namba zisipokubaliana, ingawa foleni ni ndefu.

Uzito wa jambo hili haupaswi kufichwa. Mgonjwa aweza kuandikiwa grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), zigawanywe mara 30, grei 2 kila siku ya matibabu, na kosa dogo likirudiwa siku zote hizo uvimbe haufi au viungo vilivyo jirani, kama uti wa mgongo, vinaumia. Daktari ndiye anayeamua dozi, lakini wewe ndiye unayethibitisha kwamba dozi hiyo ndiyo iliyotoka.

Mfano mzuri wa kozi ya namna hii upo Trieste, Italia, ambako kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia na chuo kikuu cha mji huo huendesha kwa pamoja uzamili wa miaka miwili kwa wanafunzi kutoka nchi zinazoendelea, na mwaka wa pili hutumika hospitalini. Mbali na tiba ya mionzi, radiolojia (upigaji picha za mwili) na tiba ya nyuklia nazo zina nafasi kwa mwanafizikia, tena katika tiba ya nyuklia utashughulika na dawa zenye mionzi kama teknishiamu-99m, ambayo nusu yake hutoweka kila baada ya saa 6. Usizidharau kabla hujazionja.

Kabla ya kusaini, kiandikie chuo cha pili kati ya viwili vilivyokukubali uulize mambo matatu: ni mwanafizikia yupi wa hospitali atakayekusimamia, utapima mashine kwa mikono yako au utasimama ukitazama, na wahitimu waliokutangulia wanafanya kazi wapi sasa. Wakishindwa kujibu la kwanza, tafuta chuo kingine.