Mbaazi, makaa na mita ya kushirikiana

Sisi wa nyumba za vyumba huku Mombasa, mitaa ya Kisauni, Likoni na Changamwe, tunapikia makaa kwa sababu yanauzwa kwa kopo. Ukipata mia moja, chakula cha leo kitaiva. Gesi inataka pesa ya mtungi mzima, nalo koili, yaani jiko la stima la waya, wenye nyumba wengi wamelipiga marufuku. Lakini jumlisha makopo ya mwezi mzima uone: mwenye kununua kidogo kidogo hulipa zaidi ya aliyechukua gunia. Umaskini ni ghali.

Nimepikia makaa, gesi na stima, na ushauri wangu ni huu: pima chakula, usipime chombo. Soma mita kabla ya kuwasha, soma tena ukishaepua. Anza na mbaazi kavu. Koili la wati 1,000 likiwaka saa mbili mfululizo limekula uniti mbili. Mbaazi hizo hizo zilowekwe usiku kucha, uzitie kwenye sufuria ya presha ya stima, nayo iwe ya wati 1,000 vilevile: zitaiva kwa chini ya uniti moja, mara nyingi nusu tu. Presha ikishajaa, sufuria hujizima na kuwaka kidogo kidogo, na mvuke haupotei. Tui zito litie mwisho, kifuniko kikiwa wazi, ukikoroga, lisije likakatika.

Chai nayo haihitaji makaa. Lita moja ya maji kwenye birika la stima ni kama sehemu moja ya kumi ya uniti. Pima maji kwa vikombe vya watu waliopo.

Simwambii mtu atupe jiko lake. Samaki wa kupaka ni wa makaa, na vifuu vikavu vinawasha vizuri bila kununua mafuta ya taa. Ila tafadhalini, jiko lenye makaa lisilale chumbani na watoto hata mvua ikinyesha vipi. Sumu ya moshi wake haina harufu, na inaua.

Friji ya mtumba, kwa joto letu hili, iangalie mpira wa mlango. Bana noti mlangoni. Ikichomoka bila kukazana, baridi inatoka usiku na mchana nawe unailipia.

Linaloniuma zaidi ni mita moja kwa nyumba nzima. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina madaraja: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, kisha wa hadi 100, kisha waliopita hapo, kwa wastani wa miezi mitatu. Sasa vyumba sita, kila kimoja kikitumia uniti 25, mita inasoma 150. Kila mpangaji peke yake angestahili bei ya chini. Pamoja wanalipishwa ya juu kabisa, sawa na mwenye jumba na viyoyozi. Hiyo si haki, na wengi hawajui.

Kwa hiyo nendeni kwa mwenye nyumba pamoja, si mmoja mmoja, mkaombe kila chumba kiwe na mita yake ya tokeni. Akikataa, ombeni mita ndogo za kugawia. Hazitashusha daraja, lakini mama mwenye taa moja hatamlipia jirani mwenye friji. Hesabu ya kila mwezi ibandikwe ukumbini, kila mpangaji aisome.