Aliyekosewa Ndiye Anayetumwa

Kuna maneno ya Yesu tunayoyapenda kwa sababu hayatugharimu kitu. "Njoni kwangu" tunaibandika mpaka kwenye vioo vya daladala. Halafu kuna yale mengine ambayo yakisomwa kanisani unasikia watu wanaanza kukohoa. Yohana sura ya 6 inasimulia kwamba wengi katika wanafunzi wake walimsikia wakasema, "Neno hili ni gumu, ni nani awezaye kulisikia?" wakarudi nyuma, wasiandamane naye tena. Hao walioondoka nawaheshimu kidogo. Angalau walisikia kilichosemwa. Sisi tuliobaki tumekuwa mafundi wa kulilainisha neno mpaka lisimkwaruze mtu.

Neno gumu la kila mtu ni lake. Wapo wanaosumbuliwa na fungu la kumi, wapo wanaosumbuliwa na "usiape kabisa". Langu ni Mathayo 18:15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu."

Mimi ni mtu wa Kilimanjaro ninayeishi Dar es Salaam, na ugomvi wetu ulikuwa wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, kama ugomvi mwingi wa kwetu. Miaka michache baada ya baba kufariki, mama alinipigia simu usiku. "Mwanangu, huku masale yamehama." Asiyetoka kwetu aelewe: masale ndiyo mpaka wenyewe. Ni mimea ya majani marefu inayopandwa kati ya kihamba na kihamba, na hakuna mtu mzima wa Kichaga anayeyang'oa kwa bahati mbaya. Mtoto wa baba mdogo alikuwa ameyang'oa na kuyapanda upya hatua kadhaa ndani ya kwetu, akachukua na kipande chenye migomba na mistari ya kahawa.

Jani hilohilo la isale, yaani moja la masale, kwa Wachaga ni la kuombea msamaha. Aliyekosa hulipeleka, au humtuma mzee alipeleke, na anayeletewa isale huona haya kukataa. Wamisionari wa Leipzig walipofika mlimani mwaka 1893 walikuta watu wakipatanishwa hivyo, na utaratibu huo una akili sana. Ila una sharti moja: mkosaji ndiye anayekuja. Kwa hiyo mimi nilikaa Dar kusubiri isale langu. Nani angenilaumu? Mila ilikuwa upande wangu, mama alikuwa upande wangu, na nusu ya ukoo pia.

Sasa linganisha na Mathayo. Sura ya 18 inamtuma aliyekosewa. Sura ya 5 inamtuma yule mwingine: ukileta sadaka madhabahuni na ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache hapohapo, nenda kapatane naye kwanza. Na tukumbuke maneno haya yalisemwa Galilaya. Madhabahu ilikuwa moja tu, Yerusalemu, zaidi ya kilomita 100 kutoka hapo, safari ya siku kadhaa kwa miguu. Mtu wa Kapernaumu akiambiwa amwache mwanakondoo wake hekaluni, arudi nyumbani kupatana, kisha apande tena Yerusalemu, huo si mfano mwepesi hata kidogo. Yesu amewatuma wote wawili. Wakimtii watakutana njiani, na hakuna hata mmoja aliyepewa ruhusa ya kusubiri.

Hapo ndipo ushauri wangu unapoanzia. Usianze na moyo. Tunaambiwa sana "omba Mungu akupe moyo wa kusamehe", na mtu anaweza kuuomba moyo huo miaka kumi akiwa amekaa kitako. Luka 6 inaposema wapendeni adui zenu, inaendelea papo hapo: watendeeni mema, wabarikieni, waombeeni. Zote hizo ni kazi za mikono, mdomo na magoti. Hakuna mahali panapokutaka ujisikie vizuri kwanza.

Nenda, na uende peke yako. "Peke yenu" ni agizo zito kuliko tunavyolichukulia. Maana yake jambo halitangulizwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Maana yake huendi na shemeji aliyekaa pembeni kama shahidi huku simu yake inarekodi. Ikiwezekana nenda asubuhi, mkiwa bado hamjagusa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sema kilichotendeka, usiseme yeye ni mtu wa aina gani. Kuna umbali mkubwa kati ya "masale yamesogezwa upande wetu" na "wewe ni mwizi kama baba yako". Sentensi ya kwanza inaweza kujibiwa, ya pili inajibiwa kwa panga.

Kwangu haikufanya kazi mara moja. Alinikaribisha, akaniwekea kiti chini ya mparachichi, akanisikiliza, kisha akasema baba yake alimwonyesha mpaka uko pale. Basi. Tukaingia mstari wa 16: chukua na wengine, mmoja au wawili. Nikamwomba mzee mmoja wa ukoo na mzee wa kanisa. Tulitembea mpakani wanne, hatuongei, mpaka yule mzee wa ukoo akainama akafukua kidogo kwa ncha ya fimbo yake. Masale hayafi kirahisi. Pale yalipong'olewa, vichipukizi vilikuwa vimeshatoka kwenye mizizi iliyobaki, vimejipanga mstari ulionyooka kama wa zamani. Hakuna aliyehitaji kusema neno.

Nasisitiza hatua hii kwa sababu mahubiri mengi huiruka. Ukweli hutangulia. Huwezi kusamehe kosa ambalo hujaruhusiwa kulitaja. Na ukweli ukishapatikana ndipo neno linakuwa gumu kwelikweli, maana wazee walinigeukia: "Haya, mpaka umerudi. Na mavuno ya misimu yote hii, unadai?"

Mfano wa mtumwa asiyesamehe upo katika sura hiyohiyo, na ni vizuri tuupigie hesabu. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, na talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000. Tuseme kibarua wetu analipwa shilingi 10,000 kwa siku. Yule mtumwa aliyesamehewa na mfalme talanta 10,000, kisha akakataa kumsamehe mwenzake, alikuwa anadaiwa shilingi bilioni 600. Huyo mjoli wake, yaani mtumwa mwenzake, aliyekuwa na deni la dinari 100 kwake, alikuwa anadaiwa milioni moja. Wahubiri hupenda kusema deni la pili lilikuwa dogo, si kitu. Milioni moja si kitu? Ni zaidi ya miezi mitatu ya kulima juani. Yesu hakusema ulichofanyiwa ni kidogo. Alijua ni hela ya maana, na bado akasema iachie. Nililiona hilo siku ile nikiwa na hesabu ya kahawa kichwani, nikasema sidai. Mdomo ulisema, tumbo lilikuwa linauma.

Kuna jambo lazima niliweke wazi, kwa sababu aya hizi zimetumika vibaya. Mwanamke anayepigwa nyumbani asiambiwe ageuze shavu. Aende polisi, kwenye dawati la jinsia, na kanisa limsindikize. Yesu mwenyewe alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu hakunyamaza, aliuliza, "Wanipigia nini?" Na mfano ulio karibu nasi ni Festo Kivengere wa Uganda. Februari 1977 maaskofu wa Kianglikana, yeye akiwa mmoja wao, walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na unyanyasaji. Mwezi huohuo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa, na Kivengere akakimbia na mkewe usiku kupitia milimani mpaka Rwanda. Baadaye alisema hadharani kwamba amemsamehe Amin. Hakuiondoa saini yake kwenye ile barua, wala hakurudi Kampala kujipeleka.

Kuhusu maombi, nitasema kidogo tu. Mtaje kwa jina. Mwanzoni maombi yangu yalikuwa "Bwana, mguse ndugu yangu", na nadhani Bwana alielewa nilitaka amguse wapi na kwa kitu gani. Endelea hivyohivyo. Ni vigumu kuliombea zao la mtu mwaka mzima na bado ukatamani liungue.

Akikataa je? Anaweza kukataa. Wangu alikubali mpaka, masale yakarudi, lakini neno "samahani" halijatoka, na isale sijaletewa. Krismasi iliyopita mkungu wake wa ndizi mshare ulikuwa kwenye mnada nje ya kanisa baada ya ibada. Nikapandisha bei. Akanikazia macho, labda akidhani namkomoa. Nikapandisha tena, nikaununua, nikaubeba begani mpaka nyumbani. Mama akapika mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, kisha akamtuma mtoto aende kumwita. Alikuja amechelewa, akala bakuli mbili, na muda wote akawa analalamikia bei ya kahawa.