Kuhama mfumo wa SACCOS: kwa mpigo au kwa awamu?

Mkuu, umeuliza kama SACCOS yenu ihamie mfumo mpya wa kompyuta siku moja matawi yote, au tawi baada ya tawi. Wadau wengi wamekujibu "kwa awamu, ndiyo salama". Nimeshiriki kuhamisha mifumo ya aina hii, na kwa SACCOS jibu hilo lina shimo ndani yake.

Kama kila tawi lina wanachama wake na leja yake (kitabu cha hesabu zao), sawa, anzeni na tawi dogo lenye keshia mchangamfu. Lakini mwanachama akiweka Mbeya na kutoa Tunduma, na matawi hayo yako kwenye mifumo miwili, nani anajua salio lake halisi? Itabidi mifumo iongee, na hicho kiunganishi ni mradi mwingine wenye gharama zake, ambao mtautupa baadaye.

Kuna wanaogawa kwa huduma badala ya matawi: mikopo mipya ianzie mfumo mpya, akiba ibaki wa zamani kwanza. SACCOS moja ya watumishi niliyoisaidia ilikuta uamuzi huo umeshapitishwa na bodi. Tatizo likawa wadhamini. Mkopo unasimama juu ya akiba za waliodhamini, na akiba hizo zilikuwa upande wa pili. Mtu amemdhamini mwenzake asubuhi kwenye mfumo mpya, mchana mfumo wa zamani unamruhusu kutoa akiba ile ile, maana haujui kama imeshikiliwa. Ikabidi afisa mikopo afungue daftari la kuandika dhamana kwa mkono. Mmenunua mfumo wa mamilioni, halafu mnaishi kwa daftari!

Kwa hiyo kama leja ni moja, mimi nahamisha akiba, hisa, mikopo na dhamana kwa pamoja, wikiendi moja. Huduma ya simu ndiyo inayoweza kusubiri. Na msihame mwisho wa mwezi, ingawa wahasibu wataupenda kwa sababu ya kufunga hesabu. Ndipo makato ya mishahara yanapoingia na wanachama wanapojaa dirishani. Subirini makato yaingizwe na mwezi ufungwe, mhame katikati ya mwezi unaofuata.

Kabla ya hapo, fanyeni mazoezi kwa nakala ya data halisi, tena na tena. Urari, yaani jumla za hesabu, kulingana hautoshi, kwa sababu wanachama wawili wakibadilishana salio jumla haitikisiki. Linganisheni mwanachama kwa mwanachama.

Halafu jaribuni watu wengi kuingia kwa wakati mmoja. Benki ya TSB ya Uingereza ilihama kwa mpigo Aprili 2018, ikiwa na wateja takriban milioni 5.2. Data yenyewe ilihama vizuri. Jukwaa jipya ndilo lililoanza kufeli mara moja, na huduma hazikurudi kikamilifu hadi Desemba. Mwaka 2022 wasimamizi wa sekta ya fedha waliitoza faini ya pauni milioni 48.65. Kuna wanaotumia kisa hicho kuonyesha kwamba mpigo ni ujinga. Mimi naona kinaonyesha zaidi mfumo uliofunguliwa kabla haujawa tayari.

Sasa saa ya kurudi nyuma, yaani kurudi mfumo wa zamani mambo yakiharibika. Iandikeni mapema, tuseme Jumapili saa kumi jioni, na mtajeni mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "tunarudi". Siyo kamati. Keshia akishapokea amana ya kwanza Jumatatu, kurudi maana yake ni kuingiza upya kila muamala, na hapo hata waoga watalazimisha kusonga mbele. Mfumo wa zamani uacheni wa kusoma tu, na kila tawi liwe na orodha ya salio iliyochapwa kwa namba ya mwanachama, umeme ukikatika msibabaike.

Tuambie basi mkuu: leja yenu ni moja au kila tawi na yake? Na dhamana ziko ndani ya mfumo wa sasa au kwenye mafaili ya karatasi? Kama ni karatasi, kuziingiza na kuzihakiki ndiyo kazi ya kuanza nayo, kabla hata hamjapanga tarehe.